Cheti cha Kuazima

Kuna uongo unaozeeka na kufa wenyewe, na kuna uongo unaokaa kimya kama kaa chini ya jivu, ukingoja upepo. Uongo wa Mama Kipaza ulikaa miaka tisa. Upepo wake ukatoka redioni, saa tatu asubuhi, yeye amesimama kwenye meza ya pasi na koti la daktari mbele yake.

Dukani kwa dobi walikuwa wanawake wawili. Mama Kipaza ndiye wa pasi. Mwenzake, mama mnene ambaye vidole vyake vilikuwa vimekunjamana kwa kurowa, ndiye wa mabeseni, na kwa kuwa yeye ndiye aliyekoroga wanga wa kukazia kola, wateja walimwita Shangazi Wanga. Wageni aliwatahadharisha mapema: "Wanga wa nguo, jamani, si wale wa usiku. Msije mkanichomea nyumba."

Redio ikasema serikali inataka kushusha umri wa kupiga kura, kutoka miaka kumi na minane mpaka kumi na sita. Wangeanza na uchaguzi wa madiwani, mwaka huu huu. Kwanza wananchi wangetoa maoni yao mtaa kwa mtaa. Sheria ikipita, maofisa wangepita mashuleni kuwaandikisha watoto kwa vyeti vyao vya kuzaliwa.

"Na safari hii," mtangazaji akasema kwa furaha, "kila cheti kitalinganishwa na daftari la vifo, ili marehemu wasipige kura."

Shangazi Wanga akacheka mpaka maji yakaruka nje ya beseni. "Wanawaonea tu marehemu wa watu! Mtaani kwetu hao ndio wapiga kura bora. Hawachelewi, hawagombani kwenye foleni, wala hawadai fulana. Wewe! Mama Kipaza! Unaunguza!"

Pasi ilikuwa imeganda mgongoni mwa koti. Alipoinyanyua, umbo lake lilibaki pale, la kahawia, na harufu ya pamba iliyoungua ikajaa chumba.

"Una nini wewe? Umeona jini?"

"Hao watoto," Mama Kipaza akasema, na sauti yake ikamtoka kali kuliko alivyotaka. "Watoto hawajui hata kufunga mlango, wapewe nchi?"

"Aa! Na wako je? Yule si angepewa hata urais? Angetuhutubia mpaka tukaomba maji."

Mama Kipaza hakucheka. Alilikunja lile koti upande ulioungua ukae ndani, kama vile kulikunja kungeondoa alama.

Redio haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa la cheti. Mtoto wake wa pekee, huyo Kipaza, alikuwa na miaka kumi na minne. Cheti chake kilisema kumi na sita. Na cheti chenyewe hakikuwa chake. Kilikuwa cha dada yake, aliyemtangulia kuzaliwa kwa miaka miwili, akafa kwa homa hospitalini akiwa na mwaka mmoja na nusu, Kipaza bado yumo tumboni. Hospitali iliandika kifo. Kwa hiyo ofisini huko palikuwa na karatasi mbili zenye jina moja, ya kwanza ikisema mtoto huyu amezaliwa, ya pili ikisema amezikwa.

Ilikuwaje? Ilikuwa rahisi, na hapo ndipo mzazi anapotakiwa kuogopa. Baba yake Kipaza alifariki mtoto akiwa na miezi mitatu, na katika kilio na kuhamahama nyumba hakuna aliyekumbuka kwenda kumwandikisha. Kipaza alipofika miaka mitano, mama akapata kazi kwa dobi. Kazi hiyo haikutaka mtoto pembeni: pasi za moto, masufuria ya maji yanayochemka, mvuke usokoni kutwa nzima. Jirani aliyekuwa akimshikia mtoto akahama mji. Mtoto mwenyewe alikuwa mrefu, tena mdomo haukauki, ndiyo maana mtaa ukampa jina la kipaza sauti. Ukimsikia bila kumwona ungesema ana miaka minane. Mama akampeleka shule. Mwalimu mkuu akasema, "Tunachukua wa miaka saba. Leta cheti." Na nyumbani, ndani ya kopo la bati, kilikuwamo cheti kimoja cha mtoto wa kike, aliyestahili kuwa na miaka saba kamili.

Alikitazama jioni nzima. Akajiambia, nguo za marehemu si Kipaza alizivaa? Viatu si alivivaa? Basi na karatasi avae. Aliyeandikiwa haihitaji tena, na mdogo mtu hurithi vya dada yake. Akakirithisha cheti kama mtu anavyorithisha gauni. Akamfundisha mtoto jina la kwenye cheti, mtoto akalishika kwa siku moja, na nyumbani akabaki Kipaza, ila asubuhi za shule mama alimwamsha kwa jina lile asije akalisahau. Kwamba aliwahi kuwa na dada, hakuambiwa kamwe. Mama alisema moyoni atamwambia akikua. Lakini mtoto hukua kila siku, na siku ya kumwambia haikufika.

Jioni ile alimkuta Kipaza amesimama juu ya kigoda, anahutubia sufuria.

"Mama! Nimechaguliwa!"

"Umechaguliwa nini tena?"

"Kusema ukumbini Jumamosi, kwenye maoni. Shule nzima wamenitoa mimi. Natetea kumi na sita."

Mama aliweka mkoba chini polepole. "Shuka hapo. Hayo ni mambo ya watu wazima."

"Ndicho tunachoomba, tuhesabiwe watu wazima."

"Utu uzima hauombwi. Unakuja wenyewe na magonjwa yake. Kunja hizo nguo."

Kipaza akashuka, akaanza kukunja, lakini mdomo uliendelea kusimama juu ya kigoda. "Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe."

"Wahenga hao hawakuwahi kufua shuka lenye damu."

Msichana akacheka mpaka akalidondosha gauni. Alipocheka alionekana mdogo, miguu mirefu na shingo nyembamba, na mama alimwona kama alivyo, mtoto wa miaka kumi na minne ambaye siku zote alikuwa wa kitoto kuliko wote darasani na hakujua kwa nini. Akasema, "Kipaza."

"Naam, Mama."

"Umri wako unaujua?"

"Kumi na sita na miezi minne. Kwa nini?"

Akiambiwa, atauliza kuhusu dada. Kisha atauliza kuhusu shule. Kisha, mdomo ule, atauliza mbele ya watu. "Basi tu," mama akasema. "Naona siku zinakimbia."

Jumamosi ukumbi ulijaa. Mbele waliketi watu watatu wa kamati, nyuma yao bango la kitambaa cheupe lililoandikwa kwa rangi ya bluu. Mama Kipaza aliketi safu ya mwisho, karibu na mlango, kama mtu aliyekuja kwa bahati mbaya. Alitaka kusikiliza tu. Aliapa moyoni hatafungua kinywa.

Kipaza akapanda. "Mimi nina miaka kumi na sita," akaanza. "Nikiiba leo, hakimu wa kunihukumu yupo. Nikinunua sabuni, kodi imo ndani yake, na hakuna muuza duka aliyewahi kunipunguzia kwa kuwa mimi mtoto. Choo cha shule yetu kimejaa tangu mwaka juzi. Anayekitumia ni mimi. Anayemchagua diwani wa kukichimba ni babu wa jirani yetu, na choo chake yeye kiko ndani ya nyumba!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Watu wakapiga makofi. Mzee mmoja akasema kwa sauti, "Huyu mpeni hata leo!" Mwenyekiti wa kamati naye akatabasamu, akaandika kitu. Mama aliuona mkono ule ukiandika, na akajiona yeye mwenyewe amesimama. Hakukumbuka kuinuka.

"Mimi ni mama yake," akasema.

Vichwa vyote vikageuka. Kipaza, pale mbele, macho yakamng'aa kwa furaha. Alidhani mama amekuja kumuunga mkono.

"Ninyi mmeusikia mdomo wake. Mimi naijua miguu yake. Huyu bado ananiomba nimsindikize uani kukiwa na giza." Watu wakacheka. "Msicheke! Kiapo si shairi la kukariri. Leo mtoto akikosea, anachapwa na mama yake, yanaisha. Mkimpa kura, mtampa na pingu humo humo."

"Mama, toa hoja, usitutishe," mwanamume mmoja akasema.

"Nawatisha kwa sababu naogopa!"

Wakacheka tena, lakini kicheko cha safari hii kilikuwa cha kumcheka Kipaza, aliyesimama mbele na karatasi yake, akiangalia sakafu.

Njiani Kipaza alitangulia hatua kumi. Mama alipomfikia, msichana akasema bila kugeuka, "Umenivua nguo mbele za watu."

"Nilikuwa nakulinda."

"Na nini? Na karatasi ya kura? Karatasi inauma?"

Mama akapunguza hatua. Alijua karatasi inavyouma.

Haikupita miezi miwili sheria ikapita. Kwa muda wote huo mama na mwana walizungumza kwa maneno ya jikoni tu: chumvi iko wapi, maji yamechemka, funga mlango. Tangazo likabandikwa shuleni: uandikishaji Ijumaa, saa nne asubuhi. Kipaza hakuomba ruhusa. Na cheti hakuhitaji kukitafuta, kwani nakala ilikuwa kwenye faili lake la shule tangu siku ile ya kwanza.

Alhamisi mchana aliingia dukani Bwana Kola. Huyu alikuwa ofisa wa uandikishaji, mtu mpole, mteja wa miaka mingi, na alipewa jina hilo kwa sababu hakuvaa shati ambalo kola yake haikusimama kama ukuta.

"Kola hii imekaza mpaka inanihoji," akasema, akilipima shati kwa kidole. "Ahsanteni sana, mama zangu. Kesho nina kazi ya kukaa na watoto wenu, lazima nitishe kidogo."

Shangazi Wanga alikuwa uani anaanika. Mama Kipaza akaufunga mfuko wa nguo, akaufungua, akaufunga tena. "Baba, nauliza. Si mimi, ni jirani yangu mmoja."

"Huyo jirani kila mtu anaye," Bwana Kola akacheka. "Sema."

"Mtoto wake, cheti kina kasoro ya umri. Wazazi ndio waliokosea, mtoto hajui kitu. Sasa mzazi atafanywaje?"

"Mzazi? Mzazi hata simuulizi. Sheria mpya imemfanya wa kumi na sita kuwa mtu kamili mbele ya meza yangu. Anasoma kiapo mwenyewe, anaweka kidole mwenyewe. Kikiwa kiapo cha uongo, kesi ni yake."

"Hata kama hajui?"

"Mama, wote husema hawakujua."

Mvuke wa pasi ulikuwa unamwunguza mkono, hakuusikia. Akasema taratibu, "Na kama cheti ni cha mtu aliyekwisha kufa?"

Bwana Kola aliacha kutabasamu. "Hapo si kasoro tena. Hapo tunatafuta aliyefufua maiti ili apige kura, na watu wamekwenda jela kwa hilo, tena si kwa mwezi mmoja." Akachukua mfuko wake. Mlangoni akageuka. "Huyo jirani anakaa wapi?"

"Alishahama," Mama Kipaza akasema.

Akabaki ameshika ukingo wa meza. Siku zote aliogopa kwamba atafungwa yeye. Kumbe hofu yake ilikuwa imekaa mahali pasipo pake. Yeye ndiye aliyedanganya, na anayekwenda kuapa ni mwanawe, kwa sauti yake nzuri, bila kigugumizi.

Jioni alijaribu. "Kipaza, kesho usiende." Kipaza alisema, "Kwa nini?" Mama akasema, "Nakuomba tu." Msichana akasema, "Nipe sababu moja, Mama. Moja tu, nami nitakaa." Na hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Mlango ulikuwa wazi. Mama akafungua kinywa, akaiona shule ikiondoka, akamwona mtoto akifungasha nguo zake, akajiona yeye mbele ya hakimu, akakifunga. "Huna adabu," akasema. Huyo ndiye mwoga. Akikosa neno, hutoa tusi.

Alfajiri, kabla Kipaza hajaamka, aliichukua sare ya shule, akaichukua na ya akiba, zote mbili akazitumbukiza kwenye beseni la maji ya sabuni. Bila sare hakuna anayepita getini.

"Mama!" Kipaza alisimama juu ya beseni, macho yamemtoka. "Unafua za watu mwaka mzima, za kwangu umeziona leo?"

"Zilikuwa chafu."

Msichana hakubishana. Alivuta sketi, akaisuuza, akaikamua kwa nguvu zote, akavaa shati linalochuruzika. "Nitakaukia kwenye foleni," akasema, akatoka, akiacha alama za maji mpaka mlangoni.

Kazini, Mama Kipaza alisimama mbele ya rundo la shuka za hospitali. Alinyunyizia maji shuka moja, akalipiga pasi, akalinyunyizia tena lile lile. Saa ya ukutani ilisema saa tatu na nusu.

"Leo unapiga pasi au unamwagilia bustani?" Shangazi Wanga akauliza. Kisha akamwangalia usoni, akajifuta mikono, akamsogelea. "Mwenzangu. Kuna nini?"

"Shangazi, mtoto wangu hana miaka kumi na sita."

"Ana mingapi?"

"Kumi na minne. Nilimpa cheti cha dada yake aliyekufa, apate kuanza shule. Sasa hivi yuko kwenye foleni, anakwenda kuapa nacho."

Shangazi Wanga akageuka kuitazama saa ya ukutani. "Na wewe umesimama hapa unanyoosha shuka?"

"Nikisema watanifunga."

"Na usiposema?"

Mama Kipaza akalirudia lile shuka kwa pasi.

"Nimekuuliza, usiposema watamfunga nani? Toka! Hiyo pasi niachie mimi. Toka, mwanamke!"

Alikimbia na aproni yake. Alikimbia kama wanavyokimbia wanawake ambao hawajakimbia tangu utotoni, mkono mmoja kifuani, kandambili zikipiga kisigino. Alikatisha katikati ya soko, akapigiwa honi, akatukanwa, akapita. Kila alipovuta pumzi aliona kidole cha mtoto, kidole kilekile alichokuwa akikinyonya, kikishuka kwenye wino.

Getini mlinzi aliinua mkono. "Mama, wazazi hawaruhusiwi leo. Leo ni..." Mama alikuwa ameshampita.

Meza ilikuwa imewekwa katika darasa la mwisho. Foleni ilitoka mpaka nje, wanafunzi wanasukumana na kutaniana, wanaoneshana vidole vyenye wino. Bwana Kola alikuwa ameketi, kola imesimama. Mbele yake, shati bado lina unyevu mgongoni, alisimama Kipaza na kadi ya kiapo mkononi. Alikuwa ameshasoma jina. Jina la dada yake.

"...naapa kwamba maelezo niliyotoa, kuhusu jina langu na umri wangu..."

"Usiape!"

Mama alimshika kifundo cha mkono. Kijana mmoja kwenye foleni akapaza sauti, "Yule mama wa ukumbini!" na wengine wakazomea. Kipaza alijaribu kuuvuta mkono wake. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi ya aibu. "Mama, tafadhali. Si hapa. Nitakupigia magoti nyumbani, lakini si hapa."

"Mama, mwachie," Bwana Kola akasema, akisimama. "Kumzuia mtu kujiandikisha ni kosa la jinai."

"Niandikie na hilo," Mama Kipaza akasema. Pumzi ilikuwa haitoshi. "Hana miaka kumi na sita. Ana kumi na minne. Hicho cheti si chake. Ni cha dada yake."

"Mimi sina dada," Kipaza akasema.

"Ulikuwa naye."

Bwana Kola alikivuta kibweta cha wino upande wake, mbali na mkono wa msichana. Akaichukua fomu, akaitazama kwa makini mahali pa kidole. Palikuwa peupe. Akachora mstari mmoja kutoka kona hadi kona.

"Hajaapa," akasema, kama anajisemea. "Alikuwa hajamaliza. Mtoto hana kosa." Kisha akainua macho, na hayakuwa ya mteja wa mashati. "Cheti hiki nani alikileta shuleni?"

"Mimi."

"Jirani hakuhusika?"

"Hakukuwa na jirani, baba."

"Jumatatu, saa mbili, ofisi ya vizazi na vifo. Wewe na huyu. Usipokuja, watakuja kukuchukua, na hawatakuja kwa upole."

Mwalimu mkuu alikuwa amefika mlangoni. Alikuwa mwingine, si yule wa miaka ile, na hakugomba. Ingekuwa afadhali angegomba. Ofisini kwake alilitoa faili la Kipaza kabatini, akalishika kwa vidole viwili. "Jina hili limekwenda kwenye orodha ya mtihani wa mwakani," akasema. "Siwezi kumfanyisha marehemu mtihani. Akae nyumbani mpaka apate karatasi zake." Mama akauliza itachukua muda gani. Mwalimu akasema hajui. Pengine miezi. Pengine mwaka upotee. Alisema na kuangalia dirishani.

Siku mbili Kipaza hakusema neno. Mama alizoea kumwambia, nyamaza, masikio yangu yanauma. Sasa kimya kile kilimtisha kuliko polisi. Alipika, hakikuliwa. Aliita, hakuitikiwa. Jumapili jioni, wakiwa wanakunja nguo, msichana akauliza, "Alikufa kwa nini?"

"Kwa homa. Siku tatu."

"Alikuwa anaongea?"

"Maneno mawili matatu."

Kipaza alikunja shati, akalikunjua, akalikunja upya. "Asubuhi za shule, uliponiamsha kwa lile jina, ulikuwa unamwita nani?"

Mama angeweza kudanganya. Alikuwa na mazoezi ya miaka tisa. "Kuna siku," akasema, "sikujua."

Msichana akatikisa kichwa polepole. "Ukumbini uliwaambia mimi bado mtoto. Nilikuchukia. Kumbe ulikuwa unasema kweli, ila uliisema kama mtu anayedanganya." Akaliweka shati juu ya rundo. "Ungeniambia tu, Mama. Ningengoja miaka miwili. Miaka miwili ni nini? Wewe umenipotezea miaka yote tisa."

Mama Kipaza alinyoosha mkono. Kipaza hakuusukuma, lakini hakuusogelea.

Jumatatu saa mbili kasoro walikuwa wameshafika. Lilikuwa benchi refu la mbao kwenye korido yenye rangi ya kijani iliyobanduka, na milango mitatu iliyofungwa. Mama alibeba mifuko miwili. Mmoja ulikuwa na karatasi: kadi ya kliniki ya Kipaza iliyoliwa na mende pembeni, na barua ya mkunga mzee aliyemzalisha, iliyoandikwa jana kwa mkono unaotetemeka. Wa pili ulikuwa na kanga mbili, mswaki na sabuni. Kipaza aliutazama huo wa pili.

"Wa nini?"

"Kama sitarudi leo. Utakwenda kwa Shangazi Wanga, nimeshamwambia. Ufunguo wa nyumba anao."

Hapo ndipo msichana alipoonekana kuelewa. Rangi ilimtoka midomoni. Akasogea kwenye benchi, kidogo tu, mpaka bega lake likagusa bega la mama. Wakakaa hivyo. Mlango wa kwanza ulifunguliwa, mtu akatoka akijifuta jasho, akapita bila kuwatazama.

Halafu ukafunguliwa mlango wa kati. Karani akatoa kichwa, faili mkononi, akaita jina. Jina zima, la mtoto, la baba, la babu. Kwa miaka tisa Kipaza alikuwa akiliitikia kabla halijaisha kutamkwa, mkono juu, "Nipo!" Sasa hakutikisika. Alimgeukia mama yake kuuliza kwa macho.

"Yupo au hayupo?" karani akauliza, kwa ukali. "Nina watu wengi."

Mama Kipaza akainuka. Akashika ukuta, na rangi ya kijani ikambandukia mkononi kama unga.

"Mimi ndiye mama yake," akasema.

"Nimemwita mtoto."

"Najua, baba. Aliyeitwa hawezi kuja."

Karani akamtazama, akalitazama faili, akarudi nyuma kumpisha. Ndani kulikuwa na meza, na watu wawili, na mmoja wao alikuwa na sare. Mama Kipaza akaingia. Alisikia mlango ukivutwa nyuma yake, na hakuthubutu kugeuka kuona kama Kipaza amemfuata.